Nguvu ya soda na ajenda ya yatokanayo

Siku tulipochagua bodi mpya ya chama chetu cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku juu kwenye uwanda wa Makonde kati ya Newala na Tandahimba, watu walijaa hadi nje ya kiwanja cha ofisi. Waliokosa kivuli walisimama juani. Mwenyekiti alinyanyuliwa juu juu, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee mmoja ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu akasema, "Mwaka huu tumepata." Mkutano wa pili walikuja nusu. Wa tatu tulikuwa kumi na mmoja, akidi haikutimia, tukaahirisha, na kila mmoja akarudi kwake akijisemea kwamba yale yale yameanza.

Hiyo ndiyo tunayoiita nguvu ya soda. Ukifungua chupa inafoka hadi mezani, ukiiacha kidogo unakunywa maji ya sukari. Mimi nilikuwa mjumbe wa bodi ile, na kwa miezi kadhaa niliamini kosa ni la wanachama: wavivu, wasahaulifu, wepesi wa kukata tamaa. Leo siamini hivyo. Watu walikuwa na nguvu. Sisi ndio tulioimwaga, na hata hatukujua tunaimwagia wapi.

Suala la kiongozi kuanzisha mwendo wa kikundi na kuudumisha huelezwa mara nyingi kana kwamba ni suala la hamasa. Apatikane mtu mwenye maneno, awashe moto, watu wafuate. Ukilitazama hivyo utatafuta kiongozi mwenye sauti kubwa, na ukimpata utashangaa mbona baada ya miezi mitatu mambo yamelala.

Teremka Mikindani siku wanapoirudisha majini mashua iliyotoka kupigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa zake. Imelala mchangani, chini yake wamelaza magogo. Wanaume ishirini wanashika kamba. Anayeongoza wimbo anatoa mstari, wenzake wanaitikia na kuvuta, na mashua haijigusi. Mara ya pili, haijigusi. Mara ya tatu inalia kidogo, inasogea kiganja kimoja, na ikishasogea tu unaona wavutaji wamebadilika hata nyuso. Sasa wanaovuta kwa nguvu zote ni wachache, waliobaki wanaelekeza tu. Mwalimu wa fizikia atakuambia sababu: kukitoa kitu mahali kilipotulia kunataka nguvu kubwa kuliko kukiendeleza kinapokuwa kimekwisha kuondoka.

Wageni humwangalia yule wa wimbo. Mimi siku hizi humwangalia kijana wa magogo. Gogo la nyuma linapochomoka chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, yeye hulibeba begani, hukimbia nalo hadi mbele na kulilaza kabla omo, yaani ncha ya mbele, haijafika. Hana muda wa kuimba. Akichelewa kidogo tu, omo inachimba mchanga, mashua inakwama, na ile kazi ya wanaume ishirini inaanza upya, safari hii mikono ikiwa imechoka na mtu mmoja ameshaanza kunung'unika kwamba mashua yenyewe si yake.

Bodi yetu ilikuwa na waimbaji saba na haikuwa na mtu wa magogo.

Nilikuja kuligundua hilo nilipofungua kitabu cha mihtasari. Kila mkutano wa chama una ajenda zake zinazojulikana: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, kisha mambo mapya, mengineyo, kufunga. Yatokanayo ndiyo ajenda inayouliza, "Tulisema tutafanya hivi, je, tumefanya?" Katika kitabu chetu, chini ya kichwa hicho, mkutano baada ya mkutano, katibu alikuwa ameandika: "Yalijadiliwa na kuonekana yanaendelea." Basi. Tulikuwa tumeahidi kufuatilia mizani, kuziba paa la ghala, kubandika ukutani makato ya malipo ya mkulima. Vyote vilikuwa "vinaendelea". Tukishamaliza sentensi hiyo tunakimbilia mambo mapya, kwa sababu mambo mapya ndiyo matamu kuyazungumza.

Kila ahadi iliyolala pale ilikuwa gogo ambalo halikupelekwa mbele. Mwanachama hakumbuki hotuba, lakini anakumbuka kwamba mlisema paa litazibwa kabla ya mvua, na mvua imenyesha. Safari ya pili mkimwita anakadiria: nikienda, kuna kitakachobadilika? Akiona hakuna, anakwenda kupalilia. Hesabu yake ni sahihi kabisa, na kumwita mvivu ni kumkosea heshima. Nguvu ya kikundi haikai kifuani mwa kiongozi, inakaa katika imani ya watu wa kawaida kwamba lililosemwa litatokea siku iliyosemwa. Kiongozi ni kama mtunza ghala: anaweza kuijaza, anaweza kuivujisha, lakini mali si yake.

Mwenyekiti wetu, kwa sifa yake, hakununa. Alinunua kaunta buku, akachora mistari mitatu kwa rula: jambo, nani, siku gani. Hakuna cha "kamati itashughulikia". Sharti liwepo jina la mtu mmoja. Hakuna cha "hivi karibuni", iwepo tarehe. Kisha akafanya jambo ambalo wengine kwenye bodi tuliliona la kitoto. Akafuta ahadi zote isipokuwa moja: mizani.

Kwa nini mizani? Kwa sababu hapo ndipo mkulima wa korosho anapoumia kwa macho yake. Amevuna tangu Septemba, ameokota chini ya miti harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, ikiwa imemganda nguoni, ameanika, amechambua daraja la kwanza na la pili, amekodi bodaboda kubeba gunia hadi chamani. Anafika, mshale unasimama pungufu ya alivyopima nyumbani. Hata kama mizani ni salama na ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, moyoni anasema nimeibiwa. Hakuna hotuba itakayomwondolea hilo.

Mwenyekiti akanunua mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Kila asubuhi ya kupokea korosho, kabla ya gunia la kwanza, mfuko ule uliwekwa juu ya mizani mbele ya waliokuwepo, na mkulima aliyefika wa kwanza, awe mzee au binti wa miaka kumi na sita aliyetumwa na bibi yake, ndiye aliyesoma kwa sauti. "Hamsini!" Baada ya hapo kazi inaanza. Mfuko wa saruji si kipimo cha maabara, tulijua. Lakini kitu kile kiligharimu bei ya mfuko mmoja, kilitekelezwa siku iliyotajwa, na mtu yeyote aliweza kukiona bila kuelezwa. Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya tatu kulikuwa na watu wanaowahi makusudi ili wasome wao.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo dogo vile lilifanya kazi wakati mipango mikubwa ilishindwa. Jibu langu ni hili: la kwanza halikutakiwa kuwa muhimu kuliko yote, lilitakiwa kuwa la kumalizika. Viongozi wapya huanza na donda kubwa kuliko yote, mara nyingi bei, na bei haimo mikononi mwao. Korosho zetu zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakaa ghalani kwa stakabadhi hadi uuzwe, mfumo ulioanza kutumika Mtwara msimu wa 2007/08; mwenyekiti wa chama cha kijiji hana rungu la kumwambia mnunuzi aongeze hata shilingi. Ukianza na ahadi usiyoweza kuitimiza, unawafundisha watu wako kutokuamini, na unawafundisha siku ile ile walipokuja wengi.

Kuna mkanganyiko mwingine hapa, na viongozi wenye bidii ndio unaowapata zaidi. Mwendo wa kikundi ni vitu viwili vikizidishwa: kasi, na uzito wa wanaokwenda. Watu watatu wa bodi wanaweza kukimbia sana. Wanakwenda mjini, wanaandika barua, wanapiga simu usiku, wamechoka kweli kweli. Wanachama mia nne wamekaa. Hapo kuna jasho la kutosha, lakini mwendo hakuna, kwa sababu uzito wote umebaki nyuma. Wale mia nne wakipiga hatua moja tu, hata iwe ya kukubali kuleta korosho zilizokauka vizuri, kijiji kinatikisika. Nimeona viongozi wazuri wakijichosha hadi kuumwa kwa kutojua tofauti hiyo, na mwishowe wakiwalaumu watu kwa kutowathamini.

Sasa kipindi kigumu. Korosho ina msimu, na msimu unaisha. Minada ikishapita, kuanzia Februari hivi, ofisi ya chama inafungwa kwa kufuli na buibui wanaanza kazi. Watu wako kwenye mahindi na muhogo. Hakuna fedha, hakuna mkutano, hakuna mfuko wa saruji. Na hapo hapo, ghala la chakula likipungua, anapita mtu wa kangomba: anakupa fedha leo kwa korosho ambazo bado hata hazijatoa maua, kwa bei ya kutupa, kwa kipimo anachokijua yeye. Ukimlaumu mkulima anayekubali, kamuulize kwanza mtoto wake amekula nini.

Katika miezi hiyo mwendo wote wa msimu unaweza kuvuja kimya kimya. Akina mama wa ngoma wanalijua jambo hili kuliko sisi wa bodi. Ngoma ikichezwa usiku, ngozi inalegea kwa umande, mlio unakuwa kama wa mto wa pamba. Hawaipigi kwa nguvu zaidi. Wanaisogeza kwenye moto wa nyasi, ngozi inakaza, kisha wanaendelea. Huo muda wa motoni hakuna anayecheza, na mgeni anaweza kudhani shughuli imekwisha.

Sisi tuliweka moto wetu siku moja kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, hata kama kuna mvua. Si mkutano mkuu wenye posho. Ni saa moja, yatokanayo tu, kaunta buku inasomwa. Machi: nani amepogolea, nani anahitaji msaada wa panga na vijana. Aprili: orodha ya wakulima na idadi ya miti, ili salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, isije kugawiwa kwa kubahatisha. Mei: mashine za kupulizia, zipi nzima, zipi mbovu. Jumamosi moja tulikuwa tisa. Mwenyekiti hakusema neno juu ya wasiokuja, akasoma daftari kwa wale tisa kana kwamba ni mia tisa, tukamaliza, tukaondoka. Mwezi uliofuata tulikuwa zaidi ya thelathini, kwa sababu wale tisa walikwenda kusema kwamba kikao kilifanyika. Nadhani hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na hakuna aliyempigia kigelegele.

Gharama ya kuacha mwendo ufe si ndogo, na korosho yenyewe ndiyo shahidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Sababu zilipangana: wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa watu wengi walijikuta mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia kwenye maua ya miti ambayo tayari ilikuwa imemezwa na vichaka. Tulianguka ndani ya miaka kumi na mitatu. Kurudi pale tulipoangukia kulichukua zaidi ya miaka ishirini mingine, pamoja na salfa, mabadiliko ya soko na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara. Mkorosho ukishaachwa, huwezi kuuambia msimu ujao kwamba umerudi.

Hata hivyo nisieleweke kwamba mwendo ni jambo jema wakati wote. Kusini tumebeba kumbukumbu ya mwendo mbaya kuliko mikoa mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 watu watatu walizunguka kwa wiki chache, wakaandika ripoti, na mwaka 1947 mradi wa karanga ukaanza, ukilenga zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa vya kufyekea. Mwaka wa kwanza huko Kongwa walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Ardhi ilikuwa na mfinyanzi unaoganda kama tofali mvua zikikatika, na karanga ni zao linalozaa chini. Fedha zikaendelea kumwagwa. Huku kwetu ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mradi ulifutwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwisha, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, kidogo tuna la kushukuru.

Nikiusoma mradi ule sioni wajinga. Naona watu waliokuwa na uzito mkubwa na kasi kubwa, na kila mwezi uliopita ulifanya iwe ghali zaidi kwa mtu kunyanyua mkono na kusema tusimame tupime udongo. Ndiyo maana katika kaunta buku yetu mwenyekiti aliongeza mstari wa nne mwaka wa pili: "tuache?" Kila jambo lililosogezwa tarehe mara mbili lilipaswa kujibiwa hapo, ndiyo au hapana. Tuliacha mpango wa kununua trekta. Tuliuacha hadharani, kwa kura, na sababu zikaandikwa. Cha ajabu, hatukupoteza watu. Jambo linalouawa wazi wazi halinuki kama lile linaloachwa lioze chini ya neno "linaendelea".

Ukaja msimu ambao fedha zilichelewa. Korosho zimeuzwa, watu wamekopa kwa kutegemea malipo, shule zinakaribia kufunguliwa, na akaunti za wakulima hazina kitu. Chanzo kilikuwa juu yetu. Hapo kila kiongozi anapata kishawishi cha kujificha: simu inazimwa, ofisi inafungwa, unakwenda "semina". Kumbuka Liwale, Aprili 2013, ambako hasira za malipo ya korosho zilifika hadi kuchoma nyumba za watu. Hasira nayo ni mwendo, na ina uzito wote wa wale mia nne.

Mwenyekiti alisimama barazani kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa ya kwanza: "Ndugu zangu, fedha hazijaja. Nimepiga simu jana saa nne, nimejibiwa wiki ijayo. Mimi mwenyewe sina uhakika na wiki ijayo." Ya pili: "Hazijaja." Mama mmoja akamwambia mbele ya watu, "Mwenyekiti, baba, sasa si ukae nyumbani kama huna jipya?" Akajibu, "Mama, nisipokuja utasema nimezila." Watu wakacheka, kicheko kikavu, lakini wakacheka. Ijumaa ya nne zilikuja. Hakufanya hata jambo moja la kuziharakisha, kwa sababu hakuwa na uwezo huo. Alichofanya ni kuzuia ukimya usijazwe na uvumi. Habari ya kwamba hakuna habari, ikitolewa siku ile ile kila wiki, nayo ni gogo chini ya mkuku.

Nina lawama moja juu yake. Kwa muda mrefu daftari lilikaa kwake. Alipougua na kulazwa wiki tatu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilipita bila mtu kufungua ofisi, na sisi wajumbe sita, watu wazima wenye ndevu, tulikuwa tukimsubiri apone. Hapo tukajua kwamba sehemu ya kile tulichokiita mwendo wa chama kilikuwa ni miguu ya mtu mmoja. Aliporudi, amekonda, alimpa daftari binti aliyekuwa karani wa mizani, akamwambia asome yeye, na yeye mwenyewe akakaa kwenye benchi la nyuma. Binti alianza kwa kutetemeka. Alipofika kwenye jina la mwenyekiti, chini ya jambo lililopita tarehe, akanyamaza kidogo, akatazama juu, akalisoma. Mwenyekiti akasimama na kujibu.

Muda wake ulipoisha hakugombea tena. Mfuko wa saruji ulikuwa umeshaganda zamani, masika ya mwaka wa pili, ukawa jiwe lenye umbo la mfuko. Bodi mpya ilipotaka kuutupa wanachama walikataa hadi upimwe kwanza. Ukasoma hamsini na nusu. Ulikuwa umekunywa maji. Wakanunua mwingine, wakaanza nao kesho yake asubuhi. Ule wa zamani upo mlangoni mwa ofisi, unazuia mlango usibamizwe na upepo wa kusi.